Mateso bila mdai: Wakristo wa Karagwe na Kyerwa na fumbo la msalaba

Katika sharika nyingi za Kilutheri wilayani Karagwe, ibada ya mavuno haiishi pale mchungaji anapotoa baraka. Watu wakishatoka nje, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kusikika mbali husimama mbele yao na mnada huanza. Mkungu wa ndizi. Debe la maharage. Kahawa ya maganda ndani ya kiroba. Kuku aliyefungwa miguu. Mayai matatu kwenye kikapu. Yai moja laweza kununuliwa, mnunuzi akalirudisha mezani, likanadiwa tena na tena hadi likaingiza fedha ya kununulia trei nzima, na mwishowe akapewa bikizee aliyeketi kivulini. Watu hucheka sana siku hiyo.

Sadaka ya namna hii haihitaji mwanateolojia kuieleza. Mtu ametoa alichovuna, nacho kimegeuka bati la kanisa au ada ya yatima. Ugumu huja Jumatatu, pale yule yule aliyetoa kuku anapokuwa kando ya kitanda cha mgonjwa katika Hospitali ya Nyakahanga, au kule Isingiro wilayani Kyerwa, na jirani mwenye nia njema akamwambia kwamba hayo nayo ni sadaka, ayapokee, Mungu ana makusudi. Ana makusudi gani? Na je, maumivu ya mtoto yanaweza kuhesabiwa fungu moja na kuku wa mnada? Wakristo wamebishana juu ya jambo hili kwa karibu miaka 2,000. Pembe hii ya Kagera, iliyokaa kati ya Rwanda na Uganda, imelazimika kulijibu mara nyingi kuliko ilivyopenda.

Kutoa hakukuja na wamisionari. Wanyambo walimjua Ruhanga, muumba, ila shughuli za kila siku zilikuwa za mizimu ya ukoo na za pepo wa Bachwezi, akina Wamara na Ryangombe. Mtoto akiugua, ng'ombe wakifa, mke asiposhika mimba, mpiga ramli aliulizwa: nani amekasirika, na anataka nini? Jibu likawa mbuzi, kibuyu cha lubisi, au kibanda kidogo cha kumtuliza mzimu. Ilikuwa dini yenye mantiki yake na haifai kudharauliwa. Iliwapa watu jambo la kufanya badala ya kukaa wakilia tu. Lakini ndani yake mateso hayakukosa mdai. Ukiumia, ujue kuna mahali unadaiwa.

Waraka kwa Waebrania unalikata jambo hilo kwa upande mwingine kabisa. Sadaka imekwisha kutolewa, unasema, mara moja kwa wakati wote, na mtoaji ndiye huyo huyo aliyetolewa. Mwanakijiji aliyelisikia fundisho hilo kwa mara ya kwanza hakuwa anaambiwa kwamba kuna mzimu mpya mwenye nguvu kuliko ile ya zamani. Alikuwa anaambiwa kwamba hakuna deni tena. Mbuzi abaki zizini.

Fundisho hilo ni jepesi kuimbwa na zito kuishi nalo. Mantiki ya mdai imerudi katika baadhi ya madhabahu ikiwa imevaa suti. Mgonjwa huambiwa apande mbegu ya fedha ili apone. Asipopona, huambiwa mbegu ilikuwa ndogo au imani yake ina walakini. Mdai sasa anaitwa kwa jina la Mungu wa Biblia, na malipo hupokelewa kwa namba ya simu, lakini swali ni lile lile la mpiga ramli: nani amekasirika, na anataka nini? Tena mpiga ramli wa zamani alikuwa na staha ya kuridhika na mbuzi mmoja.

Maandiko yenyewe hayawapi wahubiri wa namna hiyo nafasi kubwa. Kitabu cha Ayubu karibu chote ni kesi dhidi ya wanaojua sababu. Rafiki watatu wanamjia mtu aliyefiwa na watoto na kuoza mwili, wanakaa naye kimya siku saba, na hapo ndipo walipofanya vizuri. Walipofungua midomo kumweleza kwamba lazima kuna kosa alilotenda, waliharibu. Mwishoni Mungu anawakemea wao, si yule aliyenung'unika. Katika Injili ya Yohana wanafunzi wanamwona kipofu wa kuzaliwa na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anawajibu kwamba si yeye wala wazazi, kisha anamponya. Na hapa kuna jambo ambalo husahaulika haraka katika mahubiri ya Kwaresima: Injili zote nne hazina hata mgonjwa mmoja aliyeambiwa na Yesu abaki na ugonjwa wake kwa kuwa unamfaa. Wote waliomwendea aliwaponya. Yeye mwenyewe, usiku wa Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke. Hakuyapenda maumivu. Alichokataa ni kuwakimbia watu wake ili ayaepuke.

Tofauti hiyo, kati ya kuyatafuta maumivu na kukataa kuwaacha watu, inaonekana ndogo vitabuni. Kagera ilifundishwa ukubwa wake na Ukimwi.

Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walipatikana mkoani humu mwaka 1983. Kabla jina la kitaalamu halijafika vijijini, watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyoingia na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne katika Bukoba mjini akiwa na virusi. Karagwe walikuwa kati ya wanne na watano katika kila mia. Walioanguka ni wale waliolima, waliofundisha, waliofanya biashara. Nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu, na mashamba ya migomba yakaota makaburi mapya kila msimu.

Marafiki wa Ayubu walifika mapema kuliko dawa. Wapo waliosema ni adhabu, na wapo waliotaka marehemu wa aina hiyo azikwe haraka bila heshima. Lakini dawa za kupunguza makali hazikuanza kutolewa bure nchini hadi mwaka 2004. Kwa miaka 20 na zaidi, kilichokuwapo mikononi mwa familia na mwa wanajumuiya waliopita nyumba kwa nyumba kilikuwa maji ya uvuguvugu, uji na sala. Mama aliyemwosha mwanawe vidonda hakuuchagua ugonjwa ule, na hakuna imani yenye akili itakayomwambia kwamba Mungu alimletea kama zawadi. Alichochagua ni kubaki. Ugonjwa ulikuwa mateso. Kubaki kulikuwa sadaka. Vitu viwili hivyo vilikaa katika chumba kimoja, usiku mmoja, na aliyevichanganya hakuelewa kilichokuwa kikitendeka pale.

Makanisa mawili makubwa ya eneo hili yamelisema jambo hilo kila moja kwa njia yake. Walutheri, ambao Dayosisi yao ya Karagwe ilianzishwa mwaka 1979 na ina makao yake Lukajange, wanarithi mafundisho ya Martin Luther ya mwaka 1518 mjini Heidelberg. Luther aliwagawa wanateolojia mafungu mawili: wa utukufu na wa msalaba. Wa utukufu humtafuta Mungu kwenye nguvu na mafanikio, hivyo mtu akianguka wanaona Mungu ameondoka. Wa msalaba humtafuta pale pale mtu alipoanguka. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alitoa barua nzima juu ya mateso tarehe 11 Februari 1984. Ni barua ndefu na nzito, na sehemu zake za katikati zinaweza kumchosha msomaji asiyezoea, lakini inavyoelekea mwisho ni ya kushangaza kwa wepesi wake: inamgeukia Msamaria Mwema. Baada ya kurasa zote za fumbo, Papa anamleta mtu aliyeshuka kwenye punda, akafunga majeraha na kulipa gharama ya nyumba ya wageni.

Kabla ya barua hiyo kuandikwa, kulikuwa na moto mwingine uliokwisha kupita hapa. Katika miaka ya 1930, uamsho ulianza Gahini, mashariki mwa Rwanda, ukihusishwa na daktari mmisionari Joe Church na Waganda wawili ndugu, Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi. Kigozi alifariki mapema mwaka 1936, lakini uamsho ulivuka mipaka hadi Uganda, Kenya na Buhaya, upande wa Bukoba, na watu wake wakaitwa Balokole, waliookoka. Walikiri dhambi hadharani. Walirudisha vilivyoibwa: mtu alimfuata jirani akiwa na ng'ombe, au na fedha ya kitu alichokichukua miaka mingi iliyopita. Walikataa kushiriki matambiko ya ukoo, na ukoo nao ukawakataa. Huko Kenya wakati wa Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo na wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali, na baadhi waliuawa.

Askofu Josiah Kibira alitoka katika uamsho huo. Alizaliwa Bukoba mwaka 1925, akawa askofu wa Kilutheri mwaka 1964, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia. Miaka yake ya mwisho aliishi na ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kuukaza mwili, hadi alipofariki mwaka 1988. Kwa kanisa lililozoea ushuhuda wa ushindi, wa mtu aliyekuwa mlevi na sasa ni mzima, kumwona kiongozi wake mkuu akidhoofika hatua kwa hatua kulikuwa somo ambalo hakuna mkutano wa Injili ungeweza kulipanga.

Uamsho ulikuwa na udhaifu wake, na wazee wake wenyewe husema hivyo. Mateso ya jana yanaweza kugeuka nishani. Mtu aliyefukuzwa na baba yake kwa ajili ya Kristo mwaka 1940 angeweza, miaka 30 baadaye, kumpima kila kijana kwa kipimo cha kufukuzwa kwake. Walikuwapo waliohesabu nani ameumia zaidi, nani amevunjika zaidi. Hapo kiburi kilikuwa kimeingia kwa mlango wa nyuma, kikiwa kimejitanda kanga ya unyenyekevu.

Mwaka wa 1994 uliyaweka mafundisho haya yote kwenye mizani.

Mto Kagera ndio mpaka wa Kyerwa na Rwanda. Katika Aprili na Mei mwaka ule, maji yake yalibeba maiti za mauaji ya kimbari ya Rwanda, yakapita kando ya vijiji hivi, yakazunguka kuelekea Uganda na kuzimwaga Ziwa Victoria. Upande wa Uganda wavuvi na wanavijiji waliwatoa majini watu wasiowajua, wakawazika. Zaidi ya 10,000 wamelala katika makaburi ya kumbukumbu ya Ggolo, Lambu na Kasensero. Jirani na mpaka wa Tanzania, katika parokia ya Nyarubuye, maelfu walikuwa wamekimbilia kanisani wakiamini hakuna atakayemwaga damu mbele ya altare. Waliuawa humo humo, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Nyange, magharibi mwa Rwanda, kanisa liliangushwa kwa mashine juu ya watu waliojificha ndani. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, na katika rufaa mwaka 2008 ikapandisha adhabu yake hadi kifungo cha maisha.

Baada ya hayo, kusema kwamba mateso humtakasa mtu kunahitaji ujasiri wa asiyefikiri. Waliokufa Nyarubuye hawakutoa sadaka, walichinjwa. Kuwaita sadaka ni kumpa mwuaji cheo cha kuhani.

Lakini katika siku hizo hizo walikuwapo waliotoa. Félicité Niyitegeka, Mhutu na mlei aliyejiweka wakfu, alikuwa akiongoza kituo cha Kikatoliki Gisenyi na kuwaficha Watutsi humo. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimsihi aondoke ajiokoe. Alikataa kuwaacha aliokuwa nao, na tarehe 21 Aprili 1994 akauawa pamoja nao. Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Machi 1997, wanamgambo waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange wakawaamuru wanafunzi wajigawe, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa kujigawa. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu, wengine wakafa, wengine wakabaki na ulemavu. Rwanda imemweka Félicité na wanafunzi hao katika orodha ya mashujaa wa taifa. Hakuna aliyetafuta kifo hata mmoja. Kila mmoja aliulizwa kama yuko tayari kupona peke yake, na akakataa.

Upande wa huku, mzigo ulikuwa wa aina nyingine. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa takribani siku moja tu, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Karagwe nayo ikapata makambi yake, kama Kagenyi, Chabalisa na Omukariro. Miti ilikatwa kwa kuni, mihogo iliibwa shambani, visima vikapiganiwa. Wenyeji walitoa chakula, ardhi na majengo ya makanisa, na baada ya miezi michache wengi wao walichoka na kusema wazi. Si haki kuwapamba leo kama watakatifu wa sanamu. Tena miongoni mwa waliopokelewa walikuwamo waliokuwa na damu mikononi, na wenyeji walijua. Injili inaposema umlishe adui yako, mara nyingi huhubiriwa kana kwamba adui ni mtu wa mbali. Karagwe ilimpikia akiwa amekaa kwenye hema la plastiki, na haikuwa rahisi kujua yupi ni yupi. Makambi yalifungwa mwishoni mwa 1996.

Kama historia hiyo inaonyesha sadaka ya kweli ilivyo, Afrika Mashariki imeonyeshwa pia ya uongo, na kwa bei kubwa mno. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Walikuwa wamefundishwa kufunga, kunyamaza, kuuza mali na kukabidhi fedha kwa viongozi. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ambako miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni. Waendesha mashtaka wanasema wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka. Miongoni mwa waliofukuliwa wamo watoto wengi.

Mtu wa nje anaweza kudhani kwamba hao walikuwa Wakristo waliochukulia imani yao kwa uzito kupita kiasi. Historia ya kanisa inasema vingine. Simulizi ya kifo cha Polikarpo, askofu wa Smirna aliyeuawa katika karne ya pili, inamtaja pia mtu aitwaye Quintus, aliyejipeleka mwenyewe kwa watesi akitaka kuwa shahidi, kisha alipowaona wanyama akaogopa na kuikana imani. Waandishi wa simulizi ile wanaeleza kwamba hawamsifu anayejitoa hivyo. Mapema kiasi hicho, Wakristo walikwisha kuweka mpaka: kifo hakitafutwi. Naye Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu anaweza kuutoa hata mwili wake uungue na isimfae kitu kama hana upendo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhubiri wa mateso si gumu wala la kisomi. Ni la mezani: wewe unakula nini wakati sisi tumefunga? Na maumivu haya yatamponya nani? Kanungu na Shakahola hakuna mgonjwa aliyeoshwa wala mkimbizi aliyelishwa kwa mifungo ile.

Uongo huo una mdogo wake, ambaye hapigi kelele na hafikishwi mahakamani. Mwanamke anakwenda kwa mzee wa kanisa akiwa na jicho lililovimba, naye anaambiwa, "Vumilia mama, ndio msalaba wako." Maneno haya yamesemwa katika nyumba nyingi sana, na mara nyingine na wanawake wenzake waliovumilia kabla yake. Yanasikika ya kiroho, lakini yamepinda. Yesu aliwaambia wanaomfuata kila mmoja achukue msalaba wake. Hakumpa yeyote ruhusa ya kumtwisha mwenzake. Na msalaba wake mwenyewe alitwishwa na dola ya Kirumi na wakubwa wa dini, ambao Injili haiwasifu popote. Mume anayepiga hagawi misalaba ya Mungu. Yuko upande wa askari wenye misumari. Kiongozi wa kanisa asiyeiona tofauti hiyo angepaswa kukaa kimya siku saba kama marafiki wa Ayubu, na siku ya nane aende naye kwenye dawati la jinsia polisi.

Sadaka inaweza pia kuwa kavu, isiyo na shangwe, ya ofisini. Mfano mzuri uko Goma, mashariki mwa Kongo, ambako Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa shirika la serikali la kukagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 aliletewa shehena ya chakula kilichoharibika, akaahidiwa hongo ili kipite. Alikataa, akaagiza kiteketezwe. Alitekwa, akateswa, na Julai mwaka huo maiti yake ikapatikana. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Roma. Hakuulizwa kama anamwamini Kristo. Aliulizwa bei yake ni ngapi, na alikuwa akiwafikiria watu wa Goma ambao wangekula chakula kile. Kwa wakazi wa Murongo na vituo vingine vya mpakani, ambako kahawa hupita usiku na macho hufumbwa kwa noti, mfano huu una ukali zaidi kuliko mashahidi wa Namugongo, Uganda, ingawa ni wale wa Namugongo wanaoendewa kwa hija.

Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, wakati Karagwe ingali sehemu yake, alikuwa na wazo lililowashangaza mapadri wake. Alisema Utatu Mtakatifu si fumbo la kuumiza kichwa bali ni maisha ya kuigwa: Nafsi tatu zisizojiwekea kitu. Hakuishia kuandika, alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Ujamaa wa kisiasa ulikwisha, lakini jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka mbele katika miaka hiyo ya 1970, zimebaki, na mwaka 2008 lilipozaliwa Jimbo jipya la Kayanga zilikuwa tayari ndiyo mishipa yake. Jumuiya hukutana nyumbani kwa mtu, husoma Injili, halafu hufika ajenda ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo ndefu: nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajaonekana, tunapeleka nini.

Bega kwa bega na jumuiya kuna vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo havibagui dhehebu. Zamani kazi yao kubwa ilikuwa machela: wanaume wakipokezana mabega kumpeleka mgonjwa kilima hadi kilima. Kwa jirani zao wa Kigezi, Uganda, vikundi vya machela vinavyoitwa engozi vimekuwa nguzo ya vijiji kwa vizazi. Homa ya Marburg ilipozuka Bukoba mwaka 2023 na kuua watu sita, mhudumu wa afya akiwa mmoja wao, vijiji viliombwa kutoa kitu kigumu zaidi kuliko mabega: kutogusa maiti, kutosalimiana kwa mikono, kumwacha mpendwa azikwe na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Kwa utamaduni ambao msiba ni miili kukaa pamoja, kukaa mbali kulikuwa ndiyo huduma.

Siku hizi barabara zimefika kwingi, mgonjwa hupandishwa bodaboda na mwanachama aliye Dar es Salaam hutuma mchango wake kwa simu kabla marehemu hajaoshwa. Wazee hawaafikiani juu ya hili. Wapo wanaosema fedha imefanya kazi kubwa kuliko mabega yalivyowahi kufanya, kwa kuwa sasa mgonjwa hufika hospitali akiwa hai. Wengine wanauliza mtu ametoa nini kama hajatoka hata jasho. Kwa sasa vikundi vingi vinapokea vyote viwili, na faini ya mwenyeji aliyekuwapo kijijini na hakufika msibani iko pale pale.